Shajara ya mradi: meza 180 ndani ya kanda maalum ya kiuchumi, nje ya Nairobi

Hali ya mwanzo

Kazi ni kufungua kituo cha huduma kwa wateja na uundaji wa programu. Kina meza 180 kwenye mita za mraba 1,100, orofa ya pili ya jengo lililokwisha kujengwa ndani ya kanda ya binafsi, mwinuko wa mita 1,550. Mwenye kituo ni kampuni ya nje yenye wateja Ulaya. Muda uliopangwa ni wiki 20. Kanda, mwenye kituo na makandarasi hawatajwi kwa majina humu.

Wiki ya 1. EPZ au SEZ?

Kenya ina njia mbili za kuipa kampuni nafuu ya kodi ndani ya kanda, na watu huzichanganya. EPZ, kanda ya usindikaji wa bidhaa za kuuza nje, ndiyo ya zamani, ya sheria ya mwaka 1990, na iliwekwa kwa ajili ya viwanda vinavyouza nje. SEZ, kanda maalum ya kiuchumi, ni ya sheria ya mwaka 2015 na imetaja wazi kanda za teknolojia ya habari na za huduma za biashara.

Kodi ya mapato ya EPZ ni sifuri kwa miaka 10, halafu asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Ya SEZ ni asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka 10 ya pili. Kampuni ya kawaida hulipa asilimia 30.

Mwenye kituo alikuja akiwa ameshachagua EPZ, maana sifuri huvutia macho. Tukapiga hesabu mbele yake. Tuseme faida ni shilingi 100 kila mwaka bila kubadilika. EPZ: miaka 10 ya sifuri, kisha 25 mara 10, jumla 250. SEZ: 10 mara 10, ongeza 15 mara 10, jumla 250. Ni zilezile. Sasa tofauti iko wapi? Iko kwenye miaka ya kwanza. Kituo cha aina hii hakipati faida mwaka wa kwanza, na mara nyingi hata wa pili, kwa sababu ya mafunzo, meza zisizo na watu na mikataba inayoanza polepole. Msamaha wa EPZ unaangukia miaka ambayo hakuna cha kutozwa, na faida inapokuja kwa wingi, asilimia 25 nayo imeshafika. Kuna na jambo la pili: EPZ imefungwa kwenye soko la nje, na kuuza ndani ni kwa kibali na kwa kiwango kidogo. Viwango vya SEZ vinabaki vilevile mteja awe wa Kenya au wa nje.

Uamuzi: SEZ.

Wiki ya 2. Asilimia 15 inayokuja kwa mlango wa nyuma

Swali la kwanza kumuuliza mwenye kituo ni moja: mapato ya kundi lenu zima, duniani kote, yanafika yuro milioni 750 kwa mwaka? Yakifika ndani ya miaka miwili kati ya minne iliyopita, Kenya inamtoza kodi ya kujazia hadi asilimia 15. Imo kwenye sheria iliyoanza kazi mwishoni mwa Desemba 2024. Hapo ile asilimia 10 ya SEZ inabaki kwenye kipeperushi, kwa sababu asilimia 5 iliyosamehewa inarudishwa kwa jina jingine.

Sio Kenya peke yake. Dubai, iliyofungua Dubai Internet City mwaka 2000 na kuwaita wakubwa kama Microsoft na Oracle kwa ahadi ya kutotoza kodi, sasa iko chini ya kodi ya makampuni ya asilimia 9 iliyoanza mwaka 2023. Kampuni ya kanda huru yenye mapato yanayokidhi masharti bado hutozwa sifuri, lakini makundi makubwa yanajaziwa hadi asilimia 15 tangu Januari 2025. Kwa kampuni za ukubwa huo, kanda ya Nairobi na ya Dubai zimebaki kushindana kwa stima, faiba, watu na siku ambazo mzigo unakaa forodhani.

Mteja wetu yuko chini ya kiwango hicho kwa mbali. Asilimia 10 yake ni ya kweli.

Wiki ya 3 hadi ya 5. Karatasi, na kwa nini mpangilio ni muhimu

Kampuni mpya lazima iandikishwe Kenya kwa ajili ya shughuli za ndani ya kanda. Kampuni iliyopo tayari mjini yenye biashara nyingine haifai, hata ikiwa ya mwenye kituo yuleyule. Mpangilio uliofuatwa ni huu: uandikishaji kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), barua ya kutengewa nafasi kutoka kwa mwendeshaji wa kanda, ombi la leseni ya biashara ya kanda, leseni, mkataba wa kupanga, ndipo forodha.

Angalia mkataba wa kupanga umekaa wapi: baada ya leseni. Mkataba wa zaidi ya miaka mitatu hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya kodi ya pango ya mwaka. Wenye leseni ya SEZ hawautozwi. Ukisaini kabla ya leseni, saa ya siku 30 ya kulipa stempu inaanza kuhesabu na huna karatasi ya kujitetea. Kwa hiyo tulishikilia nafasi kwa barua tu, na mwendeshaji wa kanda alikubali kwa amana ya miezi miwili.

Mpango wa biashara ulirudishwa mara moja. Kosa lilikuwa la kuandika "huduma za teknolojia" pasipo kueleza ni zipi. Leseni inataja shughuli, na shughuli isiyotajwa haina msamaha. Tukaandika upya, kila kazi kwa jina lake: kupokea simu, kujibu barua pepe, kuhakiki picha na maandishi, kuunda na kujaribu programu, kufundisha wafanyakazi. Hiyo ya kufundisha wengi huisahau, kisha wanashangaa ankara ya mkufunzi ikija na VAT, kodi ya ongezeko la thamani.

Wiki ya 6. Shilingi 672,000 zilizopotea

Mkandarasi wa kuta za kugawa vyumba alianza kazi siku tisa kabla ya leseni kutoka, ili kuokoa muda. Ankara yake ya shilingi milioni 4.2 ilikuja na VAT ya asilimia 16 juu yake: 672,000. Tulipompelekea nakala ya leseni atoe ankara nyingine kwa kiwango cha sifuri, alikataa, na alikuwa na haki. Kinachohesabiwa ni tarehe ya huduma. Siku anapiga misumari, mteja wake alikuwa kampuni ya kawaida.

Tangu siku hiyo kila oda ya ndani inakwenda na nakala ya leseni na PIN ya kampuni, na fundi haingii kabla muuzaji hajathibitisha kwa maandishi kwamba ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, itatoka kwa sifuri. Wauzaji wadogo huogopa, wakidhani watabeba hasara. Inabidi kuwaeleza kwamba VAT ya sifuri si sawa na kusamehewa VAT. Kwa sifuri, muuzaji anaweza kudai ile VAT aliyolipa kununua mbao na rangi. Kwa kusamehewa, hawezi. Wengine bado wanakataa, kwa kuwa marejesho huchukua muda na wao wanaishi kwa pesa ya mkononi. Wawili tuliwaacha.

Wiki ya 7. Hesabu ya umeme

Kipeperushi cha kanda kinasema "umeme wa uhakika". Hesabu yetu:

Kompyuta na skrini mbili kwa kila meza ni wati 110. Mara 180, ni kilowati 20 kwa kukadiria. Chumba cha seva kilowati 10. Upotevu wa UPS, kifaa cha betri kinachobeba mzigo stima inapokatika, kilowati 2. Taa kilowati 5.5. Jiko na birika kilowati 9. Usicheke, wakati wa chai hicho ndicho kilele cha siku. Viyoyozi vya ukumbi: watu 180 kwa wati 75 ni kilowati 13.5 za joto, ongeza kompyuta 20, taa 5.5 na jua la dirisha la magharibi kama 20, jumla karibu kilowati 59 za joto. Kwa mashine inayotoa vipimo vitatu vya ubaridi kwa kimoja cha umeme, hiyo ni kilowati 20. Kiyoyozi cha seva kilowati 4.

Jumla kilowati 70.5. Gawa kwa 0.9, uwiano wa kilowati kwa kVA (kipimo cha ukubwa wa umeme unaoombwa), upate kVA 78. Ongeza robo ya akiba: kVA 98. Tukaomba 100.

Jenereta haichaguliwi kwa namba ya kwenye kibao pekee. Kwenye mwinuko wa mita 1,550 hewa ni nyepesi na injini inapoteza nguvu. Jedwali la mtengenezaji wa mashine tuliyopewa linaonyesha kupungua kwa asilimia 8. Ya kVA 100 ingetupa 92. Tumechukua ya 125, inayobaki 115.

Wiki ya 9. Mzigo forodhani

Kwa sheria, kanda iko nje ya eneo la forodha ingawa iko Kenya. Mzigo unashuka Mombasa, unaingizwa kwenye mfumo wa forodha kama mali ya kanda, unasafiri chini ya dhamana na lakiri, na lakiri inakatwa ndani ya kanda mbele ya ofisa.

Kabla ya kuagiza, fanya hesabu ya unachookoa kwa kila bidhaa. Kompyuta, namba 8471 kwenye jedwali la pamoja la Afrika Mashariki, zina ushuru wa forodha wa sifuri kwa kila mtu. Mwenye leseni anaokoa VAT na tozo za uagizaji tu. Viti vya ofisi viko kwenye kiwango cha juu cha asilimia 35, kwa hiyo hapo msamaha ni mnene. Hata hivyo viti tulinunua kwa fundi wa hapahapa kwa VAT ya sifuri. Bei ilikaribiana, na kiti kikivunjika mguu mtengenezaji yuko dakika arobaini barabarani.

Kompyuta zilikwama siku sita. Orodha ya kufungashia ilisema "seti 190". Ingizo la forodha likasema kompyuta 190. Ofisa alipofungua alihesabu maboksi 570, kwa kuwa kila seti ilikuwa boksi la kompyuta na maboksi mawili ya skrini, na skrini hazikutajwa popote. Hakukuwa na ujanja, ila kwa forodha kitu kisichoandikwa ni kitu kilichofichwa. Ingizo likarekebishwa, faini ndogo ikalipwa, na siku za kuhifadhi mzigo zikalipwa pia.

Sasa muuzaji wa nje anatuma jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kifaa: jina, modeli, namba ya mfululizo, boksi lilimo, namba ya forodha. Jedwali hilohilo ndilo linakuwa daftari la mali la kanda, ambalo maofisa huja kulikagua.

Vifaa vya Wi-Fi ni kisa kingine. Vyote vyenye redio vinahitaji modeli iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Leseni ya kanda haiondoi hilo. Angalia orodha ya modeli kabla ya kulipa. Herufi moja mwishoni mwa jina la modeli inatosha kuifanya kuwa modeli nyingine.

Wiki ya 11. Watoa huduma wawili, mtaro mmoja

Mahitaji ya simu kwanza: kwa kodeki ya G.711, njia ya kugeuza sauti kuwa data, simu moja hula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Mara 180 ni megabiti 15.7. Kidogo. Kinachokula ni mifumo ya wateja na skrini za mbali, nusu megabiti kwa meza, yaani 90. Tumechukua megabiti 200 kutoka kwa watoa huduma wawili, kila mmoja peke yake akitosha.

Wote wawili waliapa kwamba njia zao hazikutani. Tukaomba faili za ramani za njia nzima, kutoka kwenye jengo hadi kituo cha data mjini. Mmoja alituma. Mwingine alituma mchoro wa mistari minyoofu uliochorwa kwa rula, ambao hauna maana yoyote. Ikabidi twende wenyewe kufungua vifuniko. Kwenye shimo la tatu kutoka lango la kanda, chini ya kifuniko cha zege kilichopasuka pembe, kebo zote mbili zimelala kwenye bomba moja la milimita 110: nyeusi yenye kibandiko cha njano, na ya machungwa iliyofungwa kwa waya wa kufungia nondo. Zinakwenda pamoja mita 1,400 hadi barabara kuu, pembeni kabisa mwa mtaro wa maji ya mvua ambao kaunti imepanga kuupanua. Koleo moja la mashine na ofisi nzima iko kimya.

Mwendeshaji wa kanda amekubali kuchimba njia ya pili kupitia lango la nyuma. Gharama tunagawana. Tazama wiki ya 20.

Baharini nako kuna mtaro mmoja wa aina yake. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikalemaa Kenya, Tanzania na kwa majirani. Miezi michache kabla ya hapo zilikuwa zimekatika kebo kwenye Bahari ya Shamu. Kwa hiyo mkataba unataka kila mtoa huduma aandike trafiki yetu inapita kebo gani kutoka Mombasa, na mmoja wao awe anatumia TEAMS, inayokwenda Fujairah, Falme za Kiarabu. "Tuna njia nyingi" si jibu.

Kipimo cha OTDR, kifaa kinachotuma mwanga ndani ya faiba kutafuta kasoro, kwenye njia ya kwanza kilionyesha kiunganishi kimoja kinapoteza desibeli 1.8. Kilikuwa kichafu tu. Kilipopanguswa kwa kalamu ya kusafishia kikashuka hadi 0.3. Fundi alikuwa tayari anaandika oda ya kebo mpya.

Wiki ya 13. Udongo

Waya wa ardhi: nguzo moja ya shaba ya mita 2.4 ilitoa ukinzani wa omu 14. Lengo letu ni chini ya 5. Eneo hili ni udongo mweusi, ule unaonasa viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Ukikauka unajitenga na nguzo, na usomaji wa Aprili haufanani na wa Septemba. Tumeongeza nguzo tatu kwa umbali wa mita 3 kati ya moja na nyingine, zote zikazungushiwa bentonaiti, udongo unaoshika maji, iliyolowekwa. Sasa ni omu 4.1, na tutapima tena mwisho wa kiangazi.

Nguzo zisikaribiane kuliko urefu wa nguzo yenyewe. Zikibanana zinagombania udongo uleule, na ya nne haisaidii kitu.

Wiki ya 15. Jaribio la kukata stima

Saa nne asubuhi, mzigo kamili wa majaribio. Swichi kuu ikazimwa. UPS ya kVA 40 ikabeba. Jenereta ikawaka kwa sekunde 12. Kisha UPS ikakataa kuipokea. Ikaendelea kunyonya betri huku jenereta inaunguruma nje, na dakika ya 14 kila kitu kikazima.

Chanzo: viyoyozi vyote viliwaka papo hapo jenereta iliposhika. Injini ikashtuka na mzunguko ukashuka hadi hezi 48.6. UPS ilikuwa imewekewa dirisha la asilimia 2, yaani kutoka hezi 49 hadi 51. Kwake huo ulikuwa umeme mbovu. Kila jenereta ilipojiweka sawa, kompresa nyingine iliingia na kuiyumbisha tena.

Marekebisho yalikuwa matatu. Saa za kuchelewesha zimewekwa kwenye viyoyozi: cha seva sekunde 20, vya ukumbi sekunde 40, 70 na 100. Dirisha la UPS limepanuliwa hadi asilimia 5. UPS nayo imepangwa ipokee mzigo polepole ndani ya sekunde 15 badala ya kuudaka wote. Jaribio la pili lilipita na mzunguko haukushuka chini ya 49.4. Majaribio ni mara tatu mfululizo, la mwisho likiwa na betri zilizochoka, maana ndipo UPS inapochaji na kuongeza mzigo wake juu ya yote.

Wiki ya 17. Watu

Kanda haigusi mishahara. PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (hifadhi ya jamii), SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri vinalipwa kama kwa jirani wa nje ya ukuta. Mhasibu mmoja kutoka kwa mwenye kituo alikuwa amevitoa kwenye bajeti. Vimerudishwa.

Vibali vya wageni: sheria inaruhusu hadi asilimia 20 ya wafanyakazi wa kudumu. Kwa watu 192 hiyo ni 38. Wameombewa watano.

Usafiri wa zamu ya usiku umechukua bajeti kubwa kuliko pango la miezi miwili. Kituo cha matatu kiko kilomita 1.2 kutoka langoni, na baada ya saa tatu usiku hakuna gari.

Wiki ya 18. Laptopu zinazokwenda nyumbani

Mwenye kituo anataka watu 24 wa zamu ya dharura wabebe laptopu zao. Langoni walizuiwa, na askari alikuwa sahihi: laptopu iliyoingia bila VAT ikivuka lango imeingia Kenya. Hata kupeleka skrini kwa fundi mjini kunahitaji kibali cha kutoka kwa muda, chenye namba ya mfululizo na tarehe ya kurudi.

Tulipima njia mbili. Kibali cha muda kwa kila laptopu, kinachofanywa upya kila mara, kinamla karani mmoja siku mbili za kila mwezi. Kuzilipia ushuru na VAT hizo 24 ziwe mali ya kawaida kunauma mara moja. Tumechukua ya pili. Zimebandikwa kibandiko chekundu na kufutwa kwenye daftari la kanda, na lango lina orodha ya namba zake. Iliyo na kibandiko cha buluu, yaani iliyobaki mali ya kanda, haitoki.

Wiki ya 20. Hali ilivyo

Meza 120 zinafanya kazi na 60 zinasubiri kundi la pili la mafunzo. Cheti cha zimamoto kimetoka, na usajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data umekamilika.

Njia ya pili ya faiba: mita 980 zimechimbwa kati ya 1,300. Mita 320 zilizobaki zinapita chini ya barabara ya ndani ambayo mwendeshaji hataki ikatwe. Mashine ya kutoboa chini kwa chini inatarajiwa Jumatatu, bomba ni la milimita 110, kina mita 1.2. Mpaka hapo ofisi bado inategemea kifuniko chenye pembe iliyopasuka, na mlinzi wa zamu ana namba ya simu ya msimamizi wa mtaro wa maji ya mvua.

Omu za ardhi: kipimo kijacho Septemba.